Gari Linalokataa Jumapili

Ijumaa jioni, jua limeinama upande wa Mosocho, na Bathsheba Bitutu anabonyeza gari kwa vidole viwili.

Analibonyeza mbele, anaachia. Gari linashuka, linainuka, linatulia. Analibonyeza nyuma, anaachia. Linashuka, linainuka, linatulia. Kisha analiinua kidogo juu ya meza, analiangusha na kutega sikio katikati ya kelele zote za soko la Daraja Mbili.

"Umesikia?" anamuuliza mwenye gari, kijana anayeitwa Haron Warsame. "Limeanguka mara moja. Halijadunda."

"Nimesikia, Mama Sheila," anajibu Haron. "Lakini hata mwezi uliopita tulisikia hivi hivi."

Bathsheba anainua kichwa. Anatazama jua, anatazama gari, anatazama jua tena. Yeye ni Msabato, na jua likizama leo hatashika bisibisi mpaka kesho jioni. Wenzake wa mashindano watashinda kesho uwanjani wakijaribu magari yao. Yeye atakuwa kanisani, na gari litakuwa ndani ya sanduku la chuma, kufuli juu yake, hapa hapa sokoni.

Gari lenyewe si la kupanda mtu. Ni gari la mashindano la kuendeshwa kwa rimoti, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, lakini likishatiwa betri iliyojaa, bodaboda hutoka jasho kulifuata. Ukiwa mgeni unaweza kucheka na kuliita kidude cha watoto. Usithubutu kulisema hilo mbele ya Haron, wala mbele ya mama huyu wa miaka arobaini na sita aliyeliinamia kama anamtoa mtoto funza.

Kazi ya Bathsheba si kulipatia gari mbio. Mbio linazo. Kazi yake ni kulifanya lishike ardhi linapokata kona, lisiteleze, lisiruke, lisipinduke. Anachezea springi, anachezea shokomzoba za kumeza mshtuko, nne ndogo kama vidole vya mtoto, anabadilisha mafuta yaliyo ndani yake, anageuza matairi ya mbele yatazame ndani kidogo tu. Vijana wa Kisii wana jina lao la kazi hiyo. Wanaiita kulitia gari adabu.

Alianzaje? Kwa cherehani. Kwa zaidi ya miaka ishirini Bathsheba alishona sare za shule hapa Daraja Mbili, na mashine za mafundi wenzake zikigoma alizitengeneza yeye. Kisha goti la kulia likaanza kuuma. Mwanzoni alilikanda kwa maji ya moto na dawa za kupaka. Mwishowe daktari akamwambia waziwazi kwamba akiendelea kukanyaga cherehani, atatembelea mkongojo kabla ya kufika hamsini.

"Nililia pale pale," anasema. "Nikamwambia, daktari, hiyo ndiyo kazi ninayojua. Mimi sina nyingine."

Akabaki na kutengeneza mashine za wengine, kazi ya mia mbili leo na kesho hakuna. Mumewe, Mose, analima ndizi Mosocho, na ndizi huleta chakula mezani lakini karo ya binti yao Sheila hazilipi. Ndipo Haron, ambaye familia yake inauza vitambaa mjini Kisii, alipokuja siku moja na gari lililokatika springi. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna mama mwenye mkebe mzima wa springi za cherehani. Bathsheba akachambua, akapata moja, akaikata, akaipachika. Gari likakimbia vizuri kuliko lilivyotoka dukani.

"Ni kama uzi tu," anaeleza, na hapo uso wake unachangamka. "Uzi ukikaza sana, kitambaa kinajikunja. Ukilegea, unafanya matanzi chini. Na gari ni hivyo. Mbele ikaze kiasi, nyuma ilegee kiasi, usikie mahali inapotulia."

Wengine wakasikia, wakaja. Siku hizi gari moja humwingizia shilingi mia tano, na mwezi mzuri huwa na magari saba au manane. Si utajiri, lakini goti linapumzika.

Sasa basi, tatizo. Gari la Haron limepinduka mashindano mawili mfululizo, mahali pale pale, kwenye kona inayoitwa Kona ya Tanuri. Uwanja wao uko nje kidogo ya mji wa Nyamira, nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa, na vijana wa kaunti zote mbili hukutana hapo Jumapili moja kila mwezi. Mara zote mbili gari lilikuwa limetulia kabisa Ijumaa. Mara zote mbili Jumapili lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

"Ijumaa inacheza, Jumapili inakataa," Haron analalamika. "Mimi sielewi hii gari. Kwani inajua siku?"

Maneno hayo yalitembea sokoni kuliko yeye mwenyewe. Muuza ndizi jirani alisema ni mkono wa mtu. Mwingine, Msabato mwenzake, alimvuta Bathsheba kando na kumuuliza kama ana hakika Mungu anapendezwa na mashindano ya namna hiyo. Bathsheba alicheka, lakini anakiri kwamba usiku ule aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Yeye mwenyewe aliamini ni baridi. Nyamira kuna baridi, tena ya milimani, na mafuta huganda. Kwa hiyo kila mara aliongeza mafuta mepesi zaidi kwenye zile shokomzoba, na safari hii amemwaga yote ya zamani, akajaza mapya.

Haron anazima rimoti. Anataka kusema jambo na anaona haya, maana huyu ni sawa na mama yake.

"Mama Sheila, nyumbani wananiuliza kuhusu kile chumba."

Chumba hicho ndicho kinachomnyima Bathsheba usingizi. Ni stoo ndogo iliyo mbele ya duka la akina Haron, ina dirisha, ina umeme, na ina mlango unaofungika. Haron aliahidi kwamba gari lake likimaliza mashindano hata mara moja bila kupinduka, chumba kitakuwa cha Bathsheba kwa kodi ndogo, awe na karakana yake, akae kitini kama binadamu. Ila familia imechoka kungoja. Kuna muuza simu anayekitaka, na yuko tayari kulipa. Na gari likipinduka tena, Haron atalipeleka kwa fundi wa Nairobi. Akiondoka Haron, mwenye gari linalojulikana kuliko yote Kisii, na wengine watamfuata.

"Jumapili hii ndiyo ya mwisho," anasema Haron. "Si mimi. Ni nyumbani."

"Nimeelewa, mwanangu."

Anafuta gari kwa kitambaa, analiingiza sandukuni na kufunga kufuli. Jua linazama akiwa bado barabarani, anachechemea kwenda Mosocho.

Jumamosi kanisani, mvua inaanza katikati ya mahubiri. Inapiga mabati mpaka mhubiri anapaza sauti, kisha anakata tamaa na kuanzisha wimbo. Bathsheba anaimba kwa mdomo, lakini akili iko Nyamira. Udongo utakuwa mwekundu, utelezi mtupu. Tairi za mbele zitashika? Halafu anashtuka kwamba hapo alipo, siku ya Bwana, anakaza skrubu kichwani. Anaomba msamaha. Dakika moja baadaye anazikaza tena.

Mose anamwona akihangaika na kitabu cha nyimbo kilichofunguliwa ukurasa usio wenyewe. Wakitoka anamtania.

"Ungekuwa na ng'ombe mgonjwa ningekuelewa. Sasa gari la betri?"

"Wewe cheka tu," anamjibu. "Likipinduka kesho tutakula hizo ndizi zako mpaka tuote migomba."

Mose anacheka, kisha anaacha kucheka. Anamshika mkono wanapovuka tope.

Jumapili asubuhi Haron anafika na pikapu ya dukani kwao na kupiga honi Daraja Mbili kabla soko halijachangamka. Bathsheba anafungua sanduku, analipakata gari na kuingia. Njia nzima hadi Nyamira, mashamba ya chai yakipita kushoto na kulia, mikono yake imelikumbatia na hajalibonyeza hata mara moja.

"Niliogopa," anasema. "Kweli kabisa, niliogopa. Nilijiambia, acha nifike kwanza."

Wanafika. Kuna ukungu, kuna vijana kama hamsini na majaketi yao, kuna mama anayeuza chai na mandazi. Bathsheba anaweka gari juu ya tofali. Anavuta pumzi. Anaweka vidole viwili mbele, anabonyeza, anaachia.

Gari linashuka. Haliinuki.

Anangoja. Linapanda taratibu sana, kwa kujivuta, na linakwama katikati.

"Nyasae one," ananong'ona. Mungu wangu.

Mikono inajua kazi. Anafungua shokomzoba moja na kutoa pete ndogo ya mpira iliyo chini, ile inayozuia mafuta yasivuje. Anaigeuza kwenye mwanga. Anajaribu kuirudisha kwenye mfereji wake. Haiingii. Anajaribu tena. Pete imenenepa. Imevimba kama maharagwe yaliyolala majini, na maharagwe anayajua vizuri, kwa sababu kila Ijumaa huyaloweka na kuyapika mapema ili Sabato isimkute jikoni.

Yaliyolala majini. Hapo ndipo anapoelewa.

Mafuta aliyotia ni mafuta ya cherehani. Ndiyo mafuta anayoyajua, mepesi, safi, hayagandi, yamemlisha zaidi ya miaka ishirini. Kwenye cherehani, mafuta hugusa chuma na chuma. Hayakutani na mpira hata mara moja. Huku yalikuwa yamekutana na mpira na kuachwa nao, Ijumaa jioni mpaka Jumapili asubuhi, gizani, bila mtu wa kuyaangalia. Mafundi wengine hushinda Jumamosi na magari yao, wangegundua mapema. Yeye alifunga kufuli akaenda kusali. Na kila gari lilipopinduka, aliongeza dawa ile ile iliyokuwa ugonjwa.

Hakuna mkono wa mtu, na Mungu hakukasirika.

Haron anakuja mbio akiwa na rimoti mkononi. "Mama Sheila, kuna nini? Ni baridi tena?"

Bathsheba anasema swali hilo analikumbuka mpaka leo. Ukungu ulikuwa mzito. Kila mtu alikuwa akipuliza viganja. Neno baridi lilikuwa tayari limeletwa mdomoni mwake na mtu mwingine, alichotakiwa ni kuitikia tu.

"Si baridi," akasema. "Ni mimi. Nimeliharibu mwenyewe kwa mafuta ya cherehani. Hata zile mara mbili, ni mimi."

Alilisema kwa sauti, na vijana waliokuwa karibu wakageuka. Haron akamtazama. Akatazama gari lililofunguliwa juu ya tofali. Akaondoka, akaenda kusimama peke yake karibu na tanuri.

Aliyemsogelea alikuwa Omwenga, fundi wa kuchomea vyuma wa pale Nyamira, ambaye gari lake lilishinda mara zote mbili. Akauliza mafuta gani. Alipoambiwa, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Ya cherehani! Mama, ulitaka likimbie au lishone?"

Bathsheba akainamisha kichwa. Omwenga akaona machozi, kicheko kikamkauka. Akaingiza mkono mfukoni na kutoa chupa ndogo ya mafuta yenyewe, yale ya shokomzoba.

"Chukua. Pete sina, nilizonazo ziko ndani ya langu. Nitaongea na wasimamizi, kundi lenu likimbie la mwisho. Hapo ndipo mwisho wa nguvu zangu."

Mafuta amepata, pete hana. Bila pete yatamwagika yote kabla ya kona ya kwanza. Bathsheba anapekua mfuko wake wa kazi. Bisibisi, koleo, springi, kipande cha nta, kibiringo cha uzi mweusi wa kushonea viatu. Anauangalia uzi ule. Nta nayo iko hapo hapo.

Anavuta uzi, anaupitisha kwenye nta mpaka unang'aa, anauzungusha ndani ya mfereji wa pete, duara juu ya duara, umebana lakini haujakaza sana. Anaupaka mafuta ya Omwenga. Anarudisha chuma chake, anakisukuma, kinapita kwa ulaini. Anafanya ya pili. Goti linamuuma kwa sababu amepiga magoti kwenye changarawe, na kundi la kwanza linakimbia mgongoni mwake, na hata hageuki. Ya tatu. Ya nne. Wanaitwa kabla hajafuta mikono.

Haron anarudi. Macho yake mekundu, uso umekaza.

"Itashika?"

"Sijui," anajibu Bathsheba. "Itavuja. Sijui itavuja lini."

Magari sita yanaachiwa. Bathsheba haangalii uwanja, hawezi. Anaangalia vidole gumba vya Haron juu ya rimoti. Vikienda taratibu, anajua gari limenyooka. Vikishtuka, moyo wake unashtuka navyo. Kona ya Tanuri ya kwanza, vidole havishtuki. Mzunguko wa pili hivyo hivyo. Umati unapiga kelele jina la Haron, na Bathsheba anajikuta ameshika mkono wa mama wa chai, ambaye hamjui hata kwa jina.

Mzunguko wa mwisho, vidole vinashtuka. Anageuka bila kupenda. Mbele ya gari imeanza kudunda, mafuta yameisha, na linaingia Kona ya Tanuri likirukaruka kama zamani. Tairi mbili zinaacha ardhi. Gari linaegemea, linaegemea, uwanja mzima unasema "aaah", kisha linaanguka kwa tairi zake zote nne na kuendelea.

Limemaliza la nne kati ya sita. Omwenga ameshinda tena, na anacheza kama harusini. Bathsheba ameketi chini kwenye matope, analia waziwazi, na sketi yake imekuwa rangi ya matofali.

Haron anakuja na gari mkononi. Linachuruzika mafuta, yanamdondokea viatu.

"Ungeniambia ni baridi," anasema, "ningeamini."

"Najua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema leo baridi," Bathsheba anamjibu akijifuta uso, "mwezi ujao ningekuambia nini? Na pete zingeendelea kuvimba, mwanangu. Ningetengeneza magari yote ya Kisii hivyo hivyo."

Haron akaanza kufuta viatu. Walirudi Kisii, na Bathsheba anakiri kwamba alipoiona barabara ya mjini alikuwa ameshazika habari ya chumba, ingawa gari halikupinduka, kwa kuwa alikiri ameliharibu mwenyewe, anapanga jinsi atakavyomwambia Mose.

Siku mbili baadaye Haron alifika Daraja Mbili, akaweka ufunguo juu ya meza, juu kabisa ya mkebe wa springi.

"Nyumbani wamekubali," alisema. "Lakini hiyo mafuta yako ya cherehani ibaki mlangoni, Mama Sheila. Isivuke."

Leo tunamkuta kwenye chumba chenyewe. Bado kinanuka vitambaa vipya. Cherehani yake ameiweka mlangoni, na chupa ya mafuta iko huko pamoja nayo, amri imetiiwa. Mezani kuna magari matatu na pakiti ya pete mpya alizoagiza kutoka Nairobi. Gladys, fundi mwenzake wa kushona wa Mosocho ambaye naye miguu imeanza kumsumbua, amekuja kuuliza kama kazi hii inaweza kufundishika. Bathsheba anatumaini kwamba kabla ya Desemba watakuwa wawili kwenye meza hii.

Jambo moja amelibadilisha. Hamalizi tena gari Ijumaa.

"Namaliza Alhamisi," anasema. "Linalala usiku mmoja hapa mezani, wazi, halifunikwi. Kama kuna kitu cha kuvimba, kivimbe mimi nikiwepo. Nikiingia Sabato, niingie nikijua."

Ni Ijumaa asubuhi. Gari la Haron liko mbele yake, limelala usiku kucha, na bado hajaligusa. Anavuta kiti. Anakunja mikono ya blauzi. Anaweka vidole viwili juu ya pua ya gari, halafu anaviondoa.

"Ngoja kidogo," anasema, na anacheka kwa aibu. "Moyo utulie kwanza."

Anafumba macho, midomo inatembea kidogo. Kisha anarudisha vidole na kubonyeza.